Nyumba Ilihesabiwa Kabla ya Mwenye Nyumba

Kitambulisho cha shosho yangu kilisema alizaliwa 1950. Yeye mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa Mianga, ile njaa ambayo watu wa Murang'a waliponea mihogo, na vitabu vya historia vinaiweka njaa hiyo 1943. Hapo kuna tofauti ya miaka saba. Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Ilikuwa stori ya kuchekesha tu wakati wa Krismasi, binamu zangu wakimwambia, "Shosh, wewe bado msichana, serikali imesema."

Mwaka 2018 utani ukaisha. Serikali ilianza kulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, kupitia mpango wa Inua Jamii, kwa Wakenya waliofikisha miaka 70 na ambao hawapokei pensheni. Huulizwi una ng'ombe wangapi, huulizwi kama paa lako ni la mabati. Unaulizwa umri tu. Wenzake watatu wa rika moja walikuwa wameshaandikishwa. Naye akavaa kitambaa chake cha kwenda kanisani, akapanga foleni asubuhi nzima. Karani akaangalia kitambulisho, akapiga hesabu, akamwambia arudi baada ya miaka miwili. Shosho alikuwa na miaka 75.

Nilikasirika, lakini hasira haikunisaidia kuelewa. Kilichonisumbua ni swali dogo: nani aliandika 1950, na kwa nini serikali haikumjua mwanamke aliyeishi kwenye mlima uleule maisha yake yote? Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba serikali ya nchi hii ilianza kutuhesabu zamani sana. Haikuanza kwa ajili ya kutupa chochote.

Mwaka 1901 utawala wa Waingereza ulitangaza kodi ya vibanda. Ilitozwa kwa kila nyumba, na ilitakiwa kulipwa kwa rupia. Mwanamume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, maana kila mke alikuwa na yake. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, kwa vijana wa kiume ambao hawakuwa na nyumba za kutozwa. Sasa, rupia haziotei shambani. Ulizipata kwa kuuza mbuzi, au kwa kwenda kufanya kazi kwenye reli ama kwa mlowezi. Na hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Tume ya serikali ilipokaa 1912 na 1913 kuchunguza uhaba wa vibarua, walowezi walifika mbele yake na kusema waziwazi kwamba kodi ipandishwe ili Waafrika watoke mashambani mwao. Kwa macho yao, mtu anayelima shamba lake, anayekula chakula chake, ambaye hahitaji mshahara wa mtu, alikuwa mvivu.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kila mara mtu akisema maskini apewe pesa taslimu, jibu la kwanza kwenye mitandao ni lilelile: watakuwa wavivu. Sikujua jibu hilo lina zaidi ya miaka 100, na kwamba lilitungwa na watu waliokuwa wakitafuta vibarua wa bei rahisi.

Basi watu wakahesabiwa. Nyumba zilihesabiwa kwa kodi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wakahesabiwa kwa kipande, kile cheti cha kazi kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwaka 1921 walowezi walipotangaza kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, huku kodi ikiwa imepanda, Harry Thuku alianza kuzunguka akihutubia juu ya kodi, kipande na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Tukisoma habari hiyo shuleni tunaambiwa ni mwanzo wa siasa za ukombozi. Ni kweli. Ilikuwa pia ugomvi juu ya pesa kati ya serikali na nyumba ya mtu.

Na wazee je? Wagonjwa? Watoto? Hesabu ya wakoloni ilikuwa kwamba hao ni mzigo wa shamba la nyumbani. Mfanyakazi mjini alilipwa mshahara wa mtu mmoja, kana kwamba hana familia, kwa sababu ilidhaniwa mkewe huko kijijini anawalisha watoto na wakwe. Hata kamati ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter ya 1954, ilikiri kwamba mishahara hiyo haikutosha, ikapendekeza ielekee kumtosha mtu pamoja na familia yake. Lakini mwaka huohuo huko Murang'a familia zilikuwa zinasukumwa kwenye vijiji vya Hali ya Hatari vyenye mahandaki na walinzi. Zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishwa hivyo. Shosho alikuwa na miaka 11. Alikumbuka kuhesabiwa asubuhi na jioni.

Kwa maneno mengine, kabla ya uhuru nchi hii ilikuwa na mfumo wa hifadhi ya jamii. Mfumo wenyewe ulikuwa mama mwenye jembe, na hakulipwa.

Uhuru ulipokuja, watu walitegemea mambo yabadilike, na kwa kiasi yalibadilika. Mwaka 1965 ilianzishwa NSSF, na 1966 NHIF. Zilikuwa hatua kubwa, lakini zilijengwa kwa ajili ya mtu mwenye payslipu. Mwajiri anakata, anapeleka, unazeeka, unalipwa. Mama wa sokoni hayumo. Kibarua wa kuchuma kahawa, ambaye leo yupo na kesho hayupo, hayumo. Mwaka huohuo wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika. Waraka ule ulisifu jinsi Waafrika wanavyotunzana, kisha ukaamua pesa za maendeleo zipelekwe kwanza mahali ambapo zitazalisha haraka. Ukiwa Turkana au Mandera, ulijua hapo si kwako. Na mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walipokuja Kenya, ripoti yao ndiyo iliyoifanya dunia nzima ianze kusema kuhusu sekta isiyo rasmi. Sisi tunaiita jua kali. Wakenya wengi walikuwa humo wakati huo, na wengi bado wako humo.

Halafu nikafika 1978, na hapo nikapata jibu la swali langu. Hadi mwaka huo, sheria ya kuandikisha watu iliwahusu wanaume. Ni 1978 ndipo ilipobadilishwa ili wanawake nao wapewe vitambulisho. Shosho alikuwa na miaka 35, mama wa watoto watano. Alikwenda na wanawake wenzake, karani akamuuliza amezaliwa lini, akajibu mwaka wa Mianga. Karani alikuwa kijana ambaye hakujua Mianga ni nini. Akamwangalia usoni, akaandika 1950. Alimpunguzia miaka, na shosho alidhani amemsifia.

Fikiria hilo. Nyumba ya mama yake na nyumba ya nyanya yake zilihesabiwa tangu mwanzo wa karne, kila mwaka, bila kurukwa hata moja. Mwenye nyumba alikuja kuhesabiwa miaka 77 baada ya nyumba.

Ndiyo maana sikushangaa sana niliposoma kuhusu Homa Bay. Shirika la GiveDirectly lilipofika huko miaka kama kumi iliyopita kugawa pesa bila masharti, watu wengi walikataa. Uvumi ulizagaa kwamba ni pesa za shetani, kwamba watadaiwa kwa njia nyingine. Mitandaoni tulicheka. Mimi sasa naona ilikuwa tahadhari yenye historia nyuma yake. Mgeni anakuja na daftari, anahesabu nyumba, anaandika majina. Kwa vizazi vitatu mgeni wa aina hiyo alikuja kuchukua.

Kutoa kwa utaratibu kulianza 2004, na kulianza kidogo sana: familia 500 za Garissa, Kwale na Nairobi zilizokuwa zikilea mayatima, shilingi 500 kwa mwezi. Kisha simu zikasaidia. M-Pesa ilianza 2007, na ghafla ikawezekana kumfikishia mtu pesa bila gari la askari na sanduku. Mpango wa kupambana na njaa ukaanza kulipa familia za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, yaani kulekule ambako waraka wa 1965 uliruka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu. Na 2018 zikaja zile 2,000 za wazee.

Wakati huohuo, Siaya na Bomet zikawa mahali pa jaribio ambalo dunia nzima inalitazama. GiveDirectly walichagua vijiji 195. Katika vijiji 44, kila mtu mzima aliahidiwa takriban shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12. Katika vingine 80 alipewa kwa miaka miwili tu, na vilivyobaki vikapewa kwa mkupuo. Hakuna anayeulizwa kama anastahili. Matokeo ya kwanza makubwa yalitoka 2023, na kitu kilichonigusa si kwamba watu hawakuacha kazi, ingawa hawakuacha. Ni kazi gani walifanya. Walipunguza vibarua kwenye mashamba ya wengine, wakaongeza kazi zao wenyewe: duka, bodaboda, samaki, kuku. Waliohakikishiwa miaka 12 wengi wao walijiunga kwenye vyama vya kuweka na kuzungushiana, ili kile kidogo cha kila mwezi kigeuke kikubwa kwa zamu. Utafiti mwingine wa Siaya ulionyesha kwamba kila dola 1 iliyogawiwa ilizungusha karibu dola 2.50 katika eneo lile, na majirani ambao hawakupewa chochote walinufaika pia.

Sasa rudi kwenye kodi ya vibanda. Ile iliwatoa watu kwenye kazi zao na kuwapeleka kwenye kibarua. Hii inawatoa kwenye kibarua na kuwarudisha kwenye kazi zao. Ni njia ileile, watu wanatembea kuelekea upande mwingine. Walowezi walielewa vizuri sana kwamba mtu mwenye kitu kidogo cha uhakika anaweza kukataa kazi mbaya. Hilo ndilo walilolihofia, na ndilo mimi naliona zuri.

Najua utauliza: pesa ziko wapi? Ni swali la haki. Tuchukue watu wazima milioni 25 na shilingi 2,250 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi bilioni 675 kwa mwaka. Kwa nchi inayolipa madeni jinsi tunavyolipa, sitakudanganya kwamba hilo ni jambo la bajeti ijayo. Lakini wazee milioni moja kwa 2,000 ni bilioni 24. Hapo tunazungumza juu ya nia. Na si wazo geni. Thomas Paine, mwanamapinduzi aliyezaliwa Uingereza, aliandika 1797 kwamba ardhi ilikuwa ya wote, kwa hiyo waliojitwalia wanadaiwa na wengine, na deni lilipwe kwa kila kijana na kila mzee, tajiri kwa maskini, kama haki wala si sadaka. Mtu wa Murang'a ambaye babu yake aliona mabonde yakigeuka kuwa ardhi ya Malkia au Mfalme hahitaji kuelezwa sana hoja hiyo.

Mwaka 2020, karatasi zilipokubali kwamba ana miaka 70, shosho alirudi ofisini. Akaambiwa orodha imefungwa, asubiri uandikishaji mpya. Kilichomtunza ni watoto wake, jembe lake, na chama chake cha wanawake kumi na wawili ambao kila Jumatano walichanga mia mbili. Nilipomuuliza angefanyia nini zile 2,000, hakufikiria. Dawa za presha, sukari, na hakuwa anataka kukopa mchango wa chama kwa mama yangu.

Alifariki 2022, orodha ikiwa bado imefungwa. Tulifungua grupu la WhatsApp siku hiyohiyo. Shangazi, majirani, watu wa kanisa, wenzangu wa kazini, hata watu ambao hawakumwona kamwe, wote walituma. Ndani ya siku sita tukapata shilingi 312,000. Mimi ndiye nilikuwa mweka hazina, na usiku wa mwisho nikiwa nafunga hesabu nikagawanya, bila kukusudia. Ilikuwa 2,000 kila mwezi kwa miaka 13.

Cheti cha kifo kinasema alikufa na miaka 72. Kwenye programu ya mazishi, baada ya mabishano marefu, tuliandika 1943.