Ukuta wa Nyuma ya Meko

Historia ya Bungoma ina habari nyingi za kuta za udongo. Joseph Thomson, alipopita katika nchi ile mwaka 1883, aliona vijiji vilivyozungushiwa kuta; na wanafunzi wengi wamesikia habari za ngome ya Chetambe, juu ya Webuye, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Hizo zilikuwa kuta za vita. Lakini uko ukuta mwingine wa udongo usiotajwa sana vitabuni, nao umedumu kuliko ngome zote: ule ulio nyuma ya mafiga, jikoni.

Hapana ukuta katika nyumba upatao taabu kama huo. Moto huukausha, mvuke wa chungu huulowesha, na mafuta na uji huurukia kila siku. Wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito, lakini kukandika na kusiriba kulikuwa kazi ya wanawake, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe. Udongo mtupu ukikauka hunywea na kupasuka, hasa karibu na moto. Ufa ukifunguka, fito huonekana, na cheche moja yatosha kuifikia nyasi ya paa. Kwa hiyo udongo wa kusiriba ulichanganywa na samadi ya ng'ombe, kwa maana nyuzi za majani zilizomo huushika usiachane. Ukuta ulisiribwa tena na tena kila ulipochakaa. Wako wanaouona ukuta wa namna hiyo wakadhani ni ishara ya ujinga. Mimi nauona kuwa ni matengenezo yasiyohitaji duka wala fedha.

Hata masizi yalikuwa na kazi yake. Magunzi ya mahindi ya mbegu yalitundikwa juu ya meko, moshi ukayalinda na fukusi hadi mvua za kwanza. Desturi hiyo ilianza kupungua kwa sababu iliyotoka Kitale penyewe. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 wakulima wakapewa mahindi chotara, ambayo mbegu yake hununuliwa upya kila msimu, kwani mavuno ya mbegu iliyorudiwa hupungua. Moshi ukabaki kuwa adui wa macho na mapafu tu.

Sasa yafaa tuulize: kwa nini ukuta wa udongo ulikaa muda mrefu hivyo katika Trans Nzoia, nchi ya mashamba makubwa, yenye mji na reli iliyofika mwaka 1926? Jibu halikuwa katika jiko. Lilikuwa katika ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi mashamba huko. Waafrika wengi, pamoja na Wabukusu waliotoka Bungoma, walikaa humo kama maskwota, na sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Mtu awezaye kuambiwa aondoke atajengaje kwa matofali? Mama alisiriba ukuta wa nyuma ya meko huku akijua kwamba huenda msimu ujao atasiriba mwingine, mahali pengine. Baada ya uhuru, mwaka 1963, baadhi ya mashamba yaligawanywa au kununuliwa na vyama vya wananchi, na pole pole, si kwa wote, matofali, mabati na saruji vikafuata ardhi.

Saruji nayo ina masharti yake. Wengi hupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo, ikabanduka vipande vipande, kwa kuwa udongo hunywea na kuvimba ilhali saruji ni ngumu haifuatani nao. Vigae ndivyo zaidi: huhitaji ukuta wa matofali au mawe, lipu iliyokauka vizuri, na safu ya kwanza iliyopimwa kwa pimamaji, maana kosa dogo la chini huonekana kubwa juu. Kigae cheupe chenye kung'aa huonyesha kila tone la mafuta, lakini kwa sababu hiyo hiyo hufutika upesi. Kigae kisichong'aa huficha uchafu, nao mpishi husahau kuufuta.

Wapwani waliyajua mambo haya kitambo. Huko Gedi mabakuli ya kigeni yenye kung'aa yalipachikwa katika kibla cha msikiti, mahali pa heshima. Katika nyumba mpya za Kitale na Bungoma kitu cha jamii hiyo hiyo, udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kioo, kimehamia nyuma ya jiko la gesi. Na mara nyingi, hatua chache nyuma ya nyumba hiyo, bado liko jiko la kuni, na ukuta wake wa samadi umesiribwa juzi.