Kuzuru Majengo ya Kale ya Misri: Mashauri kwa Msafiri

Wahenga walisema, Msafiri maskini ajapokuwa sultani. Maana yake ni kwamba mtu aliye ugenini, hata akiwa na mali nyingi, hana budi kuuliza njia, kuomba maji, na kufuata desturi za wenyeji wake. Katika mazungumzo haya twataka kusema juu ya msafiri aendaye Misri kutazama majengo ya kale: ni mambo gani atakayoyaona, na yampasa kujichukuaje mbele yake, ili yeye apate faida na majengo yenyewe yasipate hasara.

Kwanza yafaa kufahamu kwa nini majengo hayo yamedumu. Misri ni nchi ya jangwa iliyopasuliwa katikati na mto Nili. Sehemu ya maji ya mto huo ni ya Ziwa Viktoria, nayo hutoka ziwani pale Jinja; lakini mafuriko yaliyorutubisha mashamba ya Wamisri kila mwaka yalitoka zaidi katika milima ya Uhabeshi. Watu wa kale walilima mahali palipofikiwa na maji, na wafu wao wakawazika nje ya mashamba, katika mchanga na majabali makavu, hasa upande wa magharibi, jua linakozama. Basi ukavu ndio mlinzi wa makaburi hayo. Rangi zilizopakwa miaka elfu tatu iliyopita zang'aa hata leo kwa sababu umande haukuzifikia. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Mgeni huanza kwa kawaida huko Giza, karibu na Cairo, penye piramidi ya mfalme Khufu, iliyojengwa yapata mwaka 2560 kabla ya Kristo. Urefu wake kwenda juu ulikuwa kama meta 146, na kila upande wa chini kama meta 230. Mawe yake yakadiriwa kuwa 2,300,000. Hapakuwa na jengo lililoipita kwa urefu duniani mpaka ulipojengwa mnara wa kanisa kuu la Lincoln, Uingereza, yapata mwaka 1311.

Hapo msafiri atasikia hadithi nyingi, wala si zote za kusadikiwa. Herodotus, Myunani aliyezuru Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu 100,000 walifanyishwa kazi kwa zamu. Lakini yeye aliishi miaka elfu mbili baada ya Khufu, naye aliandika aliyoambiwa. Tangu mwaka 1990 wataalamu wamefukua karibu na piramidi makaburi ya wafanya kazi wenyewe, na matanuri yaliyooka mikate yao. Walizikwa kwa heshima, karibu na kaburi la mfalme, jambo ambalo watumwa wasingalitendewa. Tena mwaka 2013 yalipatikana huko Wadi al-Jarf, kando ya Bahari ya Sham, maandiko ya msimamizi mmoja aitwaye Merer. Yeye na watu wake walikuwa wakipakia mawe meupe ya chokaa katika mashua huko Tura na kuyavusha mpaka Giza. Basi shauri letu la kwanza ni hili: kiongozi akuelezapo habari, mwulize kwa adabu, Je, habari hii imejulikanaje? Kiongozi mwema hufurahi kuulizwa hivyo.

Kupanda juu ya piramidi kumekatazwa na sheria. Kuingia ndani kwaruhusiwa kwa cheti, lakini njia ni nyembamba, ya mwinuko, na mahali pengine mtu hana budi kuinama. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua na abaki nje. Wako pia wenye ngamia na farasi. Atakaye kupanda na apatane nao bei yote kabla hajainua mguu, maana wako wanaotaja bei ya kupanda, wasiitaje bei ya kushuka. Yafaa pia kuchukua fedha ndogo ndogo, kwa kuwa bakshishi ni desturi ya nchi, na mtu mwenye noti kubwa tu hupata taabu.

Kutoka Cairo wageni wengi huenda Luxor, mji wa kusini. Miezi ya Novemba hata Februari ndiyo mizuri. Wakati wa kaskazi ya kwao joto hupita digrii 40, na bondeni hakuna mti wa kivuli. Ondoka alfajiri, chukua maji ya kutosha, vaa kofia na viatu imara. Mavazi na yawe ya heshima, maana hapo wanakaa watu na ibada zao. Katika hekalu la Luxor umo msikiti wa Abu al-Haggag, ambao watu husali ndani yake hata leo. Mlango wake mmoja wa zamani waonekana ukining'inia juu sana ukutani. Sababu yake ni kwamba msikiti ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na vifusi, na hapo palipo mlango ndipo palipokuwa ardhi. Mchanga ulipoondolewa, mlango ukabaki juu. Mgeni atazamaye mlango huo aweza kupima kwa macho yake jinsi miaka inavyozika majengo.

Ng'ambo ya mto liko Bonde la Wafalme. Humo Howard Carter aliligundua kaburi la mfalme kijana Tutankhamun, mwezi wa Novemba 1922. Katika bonde lililo jirani limo kaburi la malkia Nefertari, mkewe Ramesses wa Pili, lililofunuliwa mwaka 1904. Hapa ndipo twarudi kwenye neno la ukavu. Jabali la huko lina chumvi ndani yake. Unyevu ukiingia, chumvi huyeyuka, hutoka nje, hukauka tena, na kuisukuma lipu iliyopakwa rangi hata ikaanguka. Na kila mtu aingiaye huacha unyevu wa pumzi na jasho lake. Kazi ya kulitengeneza kaburi la Nefertari ilichukua miaka, toka 1986 mpaka 1992, na lilipofunguliwa mwaka 1995 waliruhusiwa watu 150 tu kwa siku. Kwa kaburi la Tutankhamun ulitengenezwa mfano kamili, uliofunguliwa mwaka 2014, ili watu waone bila kuharibu.

Kwa hiyo mtu akiambiwa, Usiguse ukuta, asidhani anadharauliwa. Kidole kimoja chaonekana si kitu, lakini vidole vya maelfu ya watu ni kama tupa. Usipige picha kwa taa ya ghafula, usiegemee, usikae mno ndani, wala usiandike jina lako. Majina ya wageni wa zamani, Wayunani na Warumi, yangali yanasomeka katika kuta hizo, nayo ni hasara isiyoondoleka.

Neno la mwisho ni juu ya wachuuzi watakaokunong'oneza kwamba wana kitu cha kale, kimetoka kaburini. Mara nyingi kimetengenezwa mwaka huu. Na kikiwa cha kweli, basi kimeibiwa, maana sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 yakataza biashara ya vitu hivyo, na mnunuzi hushtakiwa pamoja na mwuzaji. Zaidi ya hayo, kitu kilichong'olewa mahali pake ni kama shahidi aliyekatwa ulimi: hakiwezi tena kusema ni cha nani, wala kiliwekwa kwa nini. Nunua kazi ya fundi aliye hai, na mkono wake upate chakula.

Waliojenga hawana tena mwana wala mjukuu wa kuwatetea kwa jina. Wametuachia kuta tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo kwetu. Basi na tuwe wageni wa namna hiyo, ambao baada ya kuondoka kwetu, nyumba ya mwenyeji ingali nzima.