Besi ya Bei Rahisi: Mafundi Wasiojulikana Waliofanya Nissan za Nairobi Zilie

Leo ukisimama steji ya Rongai ama Buruburu, nganya unaisikia kabla hujaiona. Kifua kinaanza kutetemeka, halafu ndio gari inakata kona. Ndani kuna skrini kila mahali, taa za rangi na wufa za pesa ambazo zingenunua ploti mashinani. Hiyo ni gari ya mtu ako na pesa. Lakini huo mtindo haukuanzishwa na wenye pesa. Ulianzia kwenye magari madogo, kwa watu watatu ambao hakuna aliyewahi kuandika majina yao mahali: dere, makanga, na fundi wa redio mwenye bisibisi, teipu nyeusi na betri moja ya tochi mfukoni.

Hiyo betri ya tochi ishike kichwani. Tutairudia.

Matatu zenyewe ni za zamani. Jina lilitoka kwa nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Wakati huo zilikuwa gari za magendo, viti vya mbao, zikikimbizana na basi za KBS ambazo zilikuwa mjini tangu 1934. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza zibebe watu bila ile leseni ya uchukuzi, na kuanzia hapo zikajaa mji. Hazikuwa na mziki wa kusema. Zilikuwa na makanga mwenye koo, basi.

Miaka ya themanini na tisini ndio zikaja zile van tunaita Nissan. (Hata ikiwa Toyota Hiace, Nairobi bado ni Nissan. Usiulize.) Van ilikuwa kitu tofauti. Imefungwa pande zote, ina paa la bati, watu wamebanana ndani, na kwenye dashibodi kuna nafasi ya redio kaseti. Mtu yeyote mwenye masikio aliona hapo kuna ukumbi wa disko wenye magurudumu.

Na disko ilihitajika. Wengi wenu mmezaliwa mkipata stesheni za FM zimejaa, kwa hivyo ni ngumu kuelewa. Hadi katikati ya miaka ya tisini hewa yote ilikuwa ya serikali: Sauti ya Kenya, ambayo ilikuja kuitwa KBC mwaka 1989. Capital FM ilikuja 1996. Kabla ya hapo, kijana wa Eastlands akitaka reggae, ragga ama hip hop ya Marekani, alitafuta kaseti. Asiyekuwa na pesa ya kaseti wala mashine ya kuichezea alipanda matatu. Kuna watu walikuwa wanaacha gari tatu zipite wakingoja ile moja.

Haikuwa raha tu. Mwaka 1990, baada ya mtaa wa Muoroto kubomolewa, kulitoka kaseti za nyimbo zilizolalamikia jambo hilo. Zilichezwa ndani ya matatu, na serikali ikaanza kuwakamata waliokuwa wakiziuza. Redio ya taifa isingeweza kugusa kitu kama hicho. Nissan iligusa.

Sasa ingia kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo fundi anapatikana. Mwenye gari anataka pesa yake kila jioni, hesabu kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Kinachobaki baada ya mafuta na polisi ndio cha dere na makanga. Mwenye gari akili yake iko kwa tairi na injini. Ukimwambia wufa anakuangalia kama mwizi. Kwa hivyo mara nyingi mziki ulitoka mfukoni mwa hao vijana wawili wenyewe, shilingi kwa shilingi. Na hawakuwa na namna, maana wanafunzi wakitoka shule jioni wanachagua gari kwa masikio. Gari bubu inabaki steji hadi giza, na kesho yake mwenye gari anatafuta dere mwingine.

Hapo ndipo wanaenda kwa fundi, usiku, gari ikiwa imepumzika, na pesa ambayo haitoshi.

Kitu cha kwanza fundi mzuri alifanya ni kuwazuia kununua. Duka za vifaa vya stima pale Luthuli Avenue zilijaa amplifaya zimeandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa ya dhahabu, bei ya kutupa. Fundi hakusoma maandishi. Aligeuza kifaa akatafuta fyuzi. Kama fyuzi ni ya ampea 20, na gari ni ya volti 12, basi kinachoweza kuingia pale ndani kwa kawaida ni wati 240. Sasa wati 1000 zitatoka wapi? Tena sehemu kubwa ya hizo 240 inapotea kuwa joto. Hesabu ya darasa la sita, lakini imeokolea watu pesa nyingi kuliko tangazo lolote.

La pili, masikio hayahesabu wati vile mfuko unahesabu. Ukitoka wati 100 ukaenda 200, abiria anasikia tofauti kidogo tu. Ili ahisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi. Kwa hivyo dere aliyejinyima wiki tatu kununua mashine kubwa kidogo alikuwa ameng'ang'ana bure. Besi ilikuwa inapotelea mahali pengine.

Mahali penyewe mara nyingi palikuwa sanduku. Ama kukosekana kwake. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ukiifunga wazi chini ya kiti, mawimbi ya nyuma yanazunguka yanaua ya mbele, na besi ndiyo inakufa kwanza. Kwa hivyo fundi anatafuta mbao, mabaki kutoka kwa seremala wa jirani, anapiga boksi, anaziba kila ufa kwa gundi, anaweka spika ileile ya zamani. Dere anawasha. Anaapa imebadilishwa.

Halafu ile betri ya tochi. Kuna Nissan zilikuwa na wufa mbili nzuri kabisa na bado besi haikuwepo. Juu inalia, chini hamna kitu. Wasee walikuwa tayari kuzitupa. Fundi anatoa betri yake, anagusisha waya mbili za spika, anaangalia karatasi ya spika. Ikisukumwa nje, waya ziko sawa. Ikivutwa ndani, ziko kinyume. Wufa moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, zinamalizana zenyewe. Anageuza waya mbili, anafunga teipu, na gari inatikisika hadi vioo vinalia. Gharama yake sifuri. Hiyo ndiyo kazi iliyojenga jina la fundi mtaani, jina la utani kwa kawaida, kwa sababu la kitambulisho hakuna aliyelijua.

Kulikuwa na ule mluzi pia. Kama umepanda gari za zamani unaujua: dere akikanyaga mafuta, spika zinapiga kelele nyembamba inayopanda na injini. Hiyo ni altaneta inaingia kwenye waya za mziki. Wengine walitaka kuuziwa kifaa cha kuchuja. Fundi wa bei nafuu alipitisha waya wa betri upande mmoja wa gari na zile za mziki upande mwingine, akakwangua rangi kwenye bodi hadi chuma kikang'aa, akafunga ardhi hapo. Kapeti kuukuu na vipande vya tyubu vikajazwa kwenye milango ili bati lisiimbe pamoja na wimbo.

Ukweli usemwe, si wote walikuwa malaika. Kuna waliounganisha amplifaya moja kwa moja kwa betri bila fyuzi ili kuokoa vishilingi vichache. Waya ikichubuka chini ya kapeti, hiyo ni moto, na gari ina mlango mmoja wa abiria. Kuna waliotumia waya nyembamba za taa za nyumbani, zinachemka huku besi ikichoka. Na betri ya gari ndogo haikuundwa kulisha disko usiku kucha pale steji injini ikiwa imezimwa. Asubuhi nyingi zilianza kwa makanga kusukuma.

Kisha ikaja Februari 2004. Sheria za waziri John Michuki: kidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa manjano, yunifomu. Siku ya kwanza gari nyingi zilijificha na Nairobi ikatembea kwa miguu. Kila mtu anakumbuka mikanda. Wachache wanakumbuka kwamba Nissan ilitolewa abiria 18 ikabaki na 14. Hizo ni nauli nne kila safari, na ndizo zilikuwa zinalipa spika. Michoro ikafutwa, mziki mkubwa ukaanza kusakwa. Wufa zilitolewa nyuma ya viti zikarundikana kwa mafundi, na bei yake ikaanguka.

Abiria wengine walishukuru Mungu. Ile ilikuwa vita ya kila siku: "Kijana, punguza hiyo kitu kidogo, masikio yangu yamezeeka." "Pole shosho, tunashuka sasa hivi." Hakupunguza. Na shosho alikuwa na hoja, kwa sababu kipimo cha watu wa afya ya kazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 100 una dakika 15 tu. Shosho anashuka baada ya nusu saa. Makanga yuko hapo tangu alfajiri hadi usiku, mwaka baada ya mwaka, kichwa karibu na spika. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kelele, lakini zilihesabu usumbufu wa mtaa zaidi ya masikio ya huyo kijana. Leo ukikutana na makanga wa zamani anakuongelesha kwa nguvu hata mkiwa wawili tu mezani, usidhani ana hasira.

Mziki haukufa. Ulipunguza sauti polisi wakionekana na kupanda wakipitwa. Kaseti ikawa CD, CD ikawa flashi. Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irudi, pesa kubwa nazo zikarudi, safari hii kwa basi za viti 33, na Nissan ikabaki gari ya watu wa kujikokota tena.

Mafundi wengine walihamia huko kwa mabasi. Wengine bado wako pale Kirinyaga Road na mitaani, wakifungia wufa za mitumba kwa Nissan ambazo bajeti yake ni ileile ya 1995. Na gari ikiletwa na malalamiko kwamba besi imepotea, kabla ya kufungua kitu chochote mkono unaingia mfukoni, unatoa betri ya tochi.