Wanamichezo wa vyuo kulipwa: akina dada wamebakiziwa makombo?

Nimeadimika wiki mbili, mitihani ilinibana na boksi nalo halisubiri mtu. Kwa wasiojua, boksi langu muhula huu ni kufua. Nafua jezi na taulo za wanamichezo wa hapa chuoni, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu. Taulo za vijana wa futiboli ya Kimarekani zinajaza mashine nne. Za akina dada wa mbio za nyika zinaingia mashine moja na nafasi inabaki.

Juzi dada mmoja Mkenya, mkimbiaji, alikuja kuchukua jezi yake akaniuliza, "Kaka, ni kweli siku hizi vyuo vinalipa wachezaji?" Nikamwambia ni kweli. "Wanamlipa nani?" Hapo nikakwama. Nikaingia maktaba, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Tuanzie 1972. Tarehe 23 Juni mwaka huo Rais Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye kipengele kinachoitwa Title IX. Ni sentensi moja ya maneno 37 kwa Kiingereza: asibaguliwe mtu kwa jinsia yake katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu. Michezo haikutajwa hata kidogo. Walioisukuma, akina Patsy Mink, Edith Green na seneta Birch Bayh, walikuwa wanapigania zaidi nafasi za wanawake darasani na kwenye ajira za vyuo.

Lakini wakubwa wa michezo walishtuka mapema. Mwaka 1974 seneta John Tower wa Texas alileta pendekezo kwamba michezo inayoingiza fedha isiguswe na sheria hiyo. Maana yake futiboli iachwe na mkwanja wake. Pendekezo lilipita Seneti, likafia kwenye kamati ya pamoja ya mabunge mawili. Wadau, mkumbukeni huyu mzee Tower, tutakutana na hoja yake tena.

Sheria kuwepo ni jambo moja, kutekelezwa ni jingine. Machi 1976 wapiga makasia wa kike wa Yale walikuwa wakimaliza mazoezi wanakaa kwenye basi, wameloa na baridi, wakiwasubiri wanaume waoge. Wao hawakuwa na bafu. Siku moja 19 kati yao waliingia ofisi ya msimamizi wa michezo ya wanawake, wakavua nguo. Migongoni walikuwa wameandika Title IX. Gazeti la New York Times likaandika, dunia ikasoma.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Wanawake walikuwa na chama chao cha michezo ya vyuo, AIAW, na mwanzoni chama hicho kilikataza kabisa skolashipu za michezo! Walimu wale waliona jinsi wanaume walivyokuwa wakigombania na kununua wachezaji, wakasema sisi hatutaki uozo huo. Mwaka 1973 wacheza tenisi wa Florida wakaenda mahakamani kudai skolashipu, chama kikalegeza. Kisha NCAA, chama cha wanaume, kikaanzisha mashindano ya wanawake msimu wa 1981-82, na AIAW ikafa. Fedha zilikuja, ila usukani ukaondoka: 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake zilifundishwa na wanawake, leo hawafiki nusu.

Nasi Waafrika Mashariki tumo kwenye hadithi hii. Kaka zetu walitangulia. Suleiman Nyambui wetu alikimbilia chuo cha El Paso, Texas, na 1980 akachukua fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Dada zetu walifuata mlango huo ulipofunguliwa kwao. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, halafu akaipa Kenya fedha ya mita 10,000 London 2012. Bila yale maneno 37 sijui nani angempa skolashipu.

Sasa tuje kwenye mshiko. Kuanzia Julai 2021 NCAA iliruhusu wachezaji kulipwa na makampuni kwa matangazo. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: fidia ya kama dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na ruhusa kwa chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kwenye fidia, kama asilimia 90 imepangiwa futiboli na kikapu cha wanaume. Kikapu cha wanawake kama asilimia 5. Mwezi huohuo wanamichezo wanane wa kike wakakata rufaa wakitaja Title IX.

Na serikali je? Januari 2025, utawala wa Biden ukiwa unaondoka, Wizara ya Elimu ilisema malipo ya vyuo yahesabiwe kama skolashipu, yagawiwe kwa uwiano wa jinsia. Februari utawala wa Trump ukafuta. Hoja ni ileile ya mzee Tower: anayeingiza ndiye ale.

Sitaki kuwa mnafiki hapa. Vijana wa futiboli, wengi wao weusi na wengi wametoka familia za chini, wamelisha vyuo kwa miaka mingi bila kuonja. Wana haki ya kulipwa. Lakini thamani ya akina dada ilipimwaje? Mwaka 2021 mchezaji Sedona Prince alirekodi video ya gimu ya wanawake kwenye mashindano ya NCAA: kirundo kimoja cha vyuma vidogo, wakati wanaume wamejengewa ukumbi mzima. Uchunguzi ulioagizwa na NCAA yenyewe ukakuta kikapu cha wanawake kimeuzwa kwa televisheni kwenye kapu moja na michezo mingine, kwa bei ya kutupa. Halafu 2024 fainali ya wanawake ikatazamwa na watu milioni 18.9, ya wanaume milioni 14.8. Shamba ulinyime maji miaka 40, halafu uje useme halizai?

Msimamo wangu: kampuni ya viatu imlipe imtakaye. Ila chuo kinapotoa hela mfukoni mwake, hiyo ni sawa na skolashipu, na kwenye skolashipu hakuna aliyemuuliza mpiga makasia ameingiza shilingi ngapi.

Nilimweleza yule dada yote haya. Akaniuliza na yeye je. Nikamwambia viza ya mwanafunzi inabana kazi, na vyuo vingi vinaogopa kuwagusa wageni kwenye malipo haya. Akacheka. "Kwa hiyo wewe unayefua jezi unalipwa kwa saa, mimi ninayeivaa silipwi?"

Sikuwa na jibu. Nikamkunjia jezi vizuri, nikampa.

Haya wadau, semeni mnaonaje, hasa akina dada. Mimi nalala, alfajiri boksi linaningoja.