Trauti wa Gura: mbinu ya Uingereza ilivyoshindwa na mito yetu

Haya wasee, leo hakuna stori ya simu wala ya mziki. Leo ni samaki. Tena samaki ambaye wengi wenu hamjawahi kumwona, na ako masaa machache tu kutoka Nairobi.

Anaitwa trauti, na si wa huku. Mwaka 1905, Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yakawekwa kwenye mto Gura huko Aberdare, au Nyandarua ukipenda jina lenyewe. Grogan ni yule anayesifiwa kwa safari ya Cape hadi Cairo. Ni yule yule pia ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu mbele ya korti ya Nairobi, mchana kweupe, watu wakitazama. Na kama ulichanjwa pale Gertrude's, hilo jina ni la mke wake. Kwa hiyo mtu akikuambia uvuvi wa trauti ni historia ya watu kupumzika mtoni, muulize ni nani alikuwa anapumzika.

Mbona mayai na si samaki? Kwa sababu yai la trauti likiwekwa kwenye baridi linakua polepole sana. Ujanja huo ulikuwa umeshajaribiwa mwaka 1864, mayai yalipopelekwa Tasmania kwa meli, yamefungwa kwa kuvumwani ndani ya barafu. Safari ya kwetu ilikuwa na joto la Mombasa katikati. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, lakini hakuna treni iliyokuwa inapanda Aberdare. Siku hizo mzigo wa aina hiyo ulipanda mlima kwa vichwa na miguu ya wapagazi, na majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika.

Samaki wakaja na kila kitu chao: leseni, nguo, na hasa mbinu. Trauti anavuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Hapa kuna kitu nilichukua muda kuelewa. Kwa uvuvi wa kawaida unarusha kitu kizito na mshipi unafuata. Huyu nzi hana uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, umetengenezwa mnene na mzito kusudi, na nzi anabebwa tu kama abiria. Ndiyo maana unaona mvuvi akipunga ufito mbele na nyuma kama anafukuza nyuki.

Sasa, Waingereza wa wakati huo walikuwa na imani zao kuhusu jambo hili. Frederic Halford alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1886 kuhusu nzi wanaoelea, na wafuasi wake wakageuza kuwa karibu dini: unamwona samaki akipanda kula, unamtambua mdudu anayeliwa, unamrushia nzi anayefanana naye, akielea juu, kutoka chini ya mto kwenda juu. Basi. G. E. M. Skues aliposema mwaka 1910 kwamba hata mdudu aliye chini ya maji anafaa kuigwa, kuna wazee walimwona kama mhuni. Hiyo yote ilitoka kwenye mito ya kusini mwa Uingereza, ambayo ni tambarare, maji yake yanaonyesha mpaka chini, na kandokando ni nyasi.

Peleka hiyo dini Gura uone. Maji yanashuka kwa fujo, nzi anayeelea anazama kabla hujapumua. Nyuma yako ni mianzi na miti, ukipunga ufito unavua majani. Halafu hapa tuko kwenye ikweta. Wadudu hawangoji mwezi wa tano watoke wote kwa pamoja, wanatoka kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo samaki hana anasa ya kuchagua. Kalenda yetu ni mvua. Masika ikianza, mto unakuwa chai ya maziwa na unarudi nyumbani. Na usisahau nyati. Hakuna kitabu cha Halford chenye sura ya nyati.

Kwa hiyo mbinu ikabidi ibadilike. Nzi wa kuzama wakachukua nafasi ya wanaoelea, ufito ukawa mfupi, mshipi ukaviringishwa mbele bila kurushwa nyuma. Hata kuna nzi anayeitwa Kenya Bug. Guka mmoja aliyenipeleka Mathioya alinitazama nikihangaika, akasema, "Kijana wangu, wacha kupiga mto. Tafuta pale maji yanapumzika nyuma ya jiwe, umwangushie hapo." Hiyo ndiyo elimu yote. Inapitishwa kwa mdomo, na vitabu vinataja tu wenye leseni.

Hapo ndipo huwa naudhika. Kwenye mito ya trauti sheria ilikuwa nzi bandia tu. Mtoto wa kijiji cha pale akija na uzi na mnyoo, huyo ni mwizi, mtoni kwao. Ni kweli kwa mila Wakikuyu wengi hawakuwa wakila samaki, na hiyo hutumiwa kama jibu la kila kitu. Lakini kutokula samaki si kuuza mto. Mwaka 1952 Princess Elizabeth alikuwa Sagana Lodge, zawadi yake ya harusi kando ya mto wa trauti, alipoambiwa baba yake amekufa na yeye sasa ni malkia. Mwezi wa kumi mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa, na misitu ya mito hiyo ikawa maficho ya Mau Mau.

Stori ambayo karibu hakuna anayeisimulia ni hii: kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga nzi wa kuuza nje. Wanafungwa kwa mkono, mmoja mmoja, na mafundi ambao wengi ni wanawake, kisha wanasafirishwa Uingereza na Marekani. Kuna mvuvi Scotland sasa hivi, labda pale pale Loch Leven, ametupa majini kitu kilichofungwa na mama wa huku. Wengi wa mafundi hao hawajawahi kumvua trauti hata mmoja.

Mito yenyewe inapungua. Trauti anataka maji baridi yenye hewa nyingi, na msitu ukikatwa maji yanapata joto na tope, halafu mifereji ya mashamba inachukua kilichobaki.

Kama shosho yako ama mamako alifunga nzi, muulize alijifunza wapi na alilipwa ngapi kwa dazeni, kisha unitumie. Ukiwa na picha ya meza yake ya kazi, tuma pia.