Usalama wa waokoaji na chanzo cha majeraha katika Nyanda za Juu Kusini

Usalama wa waokoaji ni sehemu ya huduma ya kwanza inayohusu kumlinda mtu anayefika kwenye ajali ili kusaidia, asije akawa majeruhi mwingine. Huenda pamoja na elimu ya namna majeraha yanavyotokea, yaani kusoma eneo la ajali ili kujua ni nguvu gani iliyoupiga mwili, ilitoka upande gani na ilikuwa kubwa kiasi gani.

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kusini magharibi mwa Tanzania, mambo hayo mawili ni vigumu kuyatenganisha. Mara nyingi kilichowaumiza watu wa kwanza bado kipo pale waokoaji wanapofika: mteremko uleule, ukungu uleule, na nyuma yake lori jingine linashuka. Waokoaji wenyewe kwa kawaida si wataalamu. Ni abiria walionusurika, madereva wanaopita, waendesha bodaboda na wanakijiji wa jirani. Askari wa usalama barabarani na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hufika baadaye.

Barabara na miteremko

Barabara kuu ya TANZAM inaunganisha Dar es Salaam na Tunduma, mpakani mwa Zambia. Baada ya bonde la mto Ruaha hupanda Mlima Kitonga katika wilaya ya Kilolo, hupita Ilula, kando ya Iringa mjini, Mafinga na Makambako, kisha huingia mkoa wa Mbeya na kupita Igurusi, Inyala, Uyole, Mbeya mjini na Mbalizi. Malori hubeba mafuta, salfa, mbolea na makontena kwenda Zambia na Kongo, na hurudi na shaba. Katika barabara hiyohiyo hupita mabasi ya mikoani, bajaji, bodaboda na watu wanaokwenda sokoni kwa miguu.

Lori linaposhuka mlima, breki hugeuza mwendo wake kuwa joto. Mteremko ukiwa mrefu joto hilo halipati nafasi ya kutoka, na breki hushindwa kushika hata kama zilikuwa nzima asubuhi ya safari. Ndiyo sababu dereva hutakiwa kushuka kwa gia ya chini, ileile ambayo angeitumia kupanda, ili injini isaidie kulizuia gari. Kupiga mserereko, yaani kuondoa gia ili kuokoa mafuta, huziachia breki kazi yote. Kitonga ina kona kali na korongo upande mmoja. Mlima Nyoka karibu na Uyole, na Iwambi kati ya Mbeya mjini na Mbalizi, vina sifa mbaya zaidi kwa sababu malori hushukia mahali penye makazi na vituo vya daladala.

Tarehe 5 Juni 2024, jijini Mbeya, lori lililoshindwa kufunga breki liliyagonga magari mengine na kuua watu wasiopungua 13. Miaka tisa kabla yake, tarehe 11 Machi 2015, basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam liligongana na lori eneo la Changarawe, Mafinga, na kontena likaliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Ajali ya aina hiyo huacha kazi ambayo mikono mitupu haiwezi kuifanya: hakuna umati unaoweza kuinua kontena, na anayejipenyeza chini yake kabla halijaegemezwa kwa mhimili anaweza kubaki humo.

Hatari ya kugongwa mara ya pili

Hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa mwokoaji wa barabarani ni gari linalofuata. Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, eneo la Chang'ombe, Segera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, lori liliwaparamia wananchi waliokuwa wamekusanyika kusaidia kwenye ajali iliyotangulia. Watu 11 walikufa. Handeni ni mbali na Mbeya, lakini hakuna kitu katika tukio hilo kisichoweza kutokea Inyala au Kitonga.

Madereva wa Tanzania wana desturi ya kukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kama onyo, hasa pale ambapo gari halina pembetatu za kuakisi mwanga. Desturi hiyo ni nzuri. Kasoro yake ni umbali. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Matawi yaliyowekwa hatua kumi kutoka kwenye ajali humpa dereva chini ya nusu sekunde, muda ambao hautoshi hata kuinua mguu kwenye pedeli ya mafuta. Yakiwekwa mita 100 mbele, ana sekunde nne na nusu. Kwenye mteremko au kona, hesabu ya mita haisaidii peke yake: onyo hutakiwa kuwa kabla ya kona, au juu ya kilima kabla dereva hajaanza kushuka, na upande unaopewa kipaumbele ni ule ambao malori yanatoka juu. Mtu mmoja mwenye nguo inayoonekana, akipunga tochi au kitambaa cheupe huko juu akiwa nje ya lami, huokoa wengi kuliko wa kumi anayejiunga kuvuta mlango wa basi.

Mawe yaliyowekwa kuzuia matairi huachwa barabarani mara nyingi baada ya gari kuondolewa, na hayo pia husababisha ajali. Wakati wa ukungu, ambao ni wa kawaida Mufindi na katika milima ya Uporoto, matawi hayaonekani kabisa. Hapo hubaki taa, sauti, na kuwaondoa watu wasiohitajika barabarani.

Mafuta na kemikali

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, katika barabara hiyohiyo ya TANZAM. Watu walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa hatimaye walizidi 100. Mkoa wa Mbeya ulikuwa umeliona jambo hilo kabla: mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kijiji cha Idweli wilayani Rungwe, makumi ya watu waliteketea walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililoanguka.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hali ya hewa ya Mbeya si kinga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni na kufuata mteremko, na unaweza kufika kwenye jiko la mama lishe aliye mbali na lori. Dizeli huwaka kwa shida zaidi. Tofauti yao husomeka kwenye kibao cha rangi ya machungwa kilicho nyuma au ubavuni mwa tangi: namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Salfa ikishika moto hutoa mwali wa bluu ambao mchana hauonekani vizuri, pamoja na gesi inayokaba koo na kuharibu mapafu. Mahali pa kusimama ni upande ambako upepo unatokea, tena juu ya mteremko wala si chini yake. Umati ni hatari ya pekee, kwani mwokoaji anayejua namba hizo hana mamlaka ya kuwafukuza watu wenye madumu. Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata, anayesikilizwa na watu wake, anapofaa kuliko daktari.

Damu

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kati ya watu wazima kilikuwa asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, kulinganisha na 4.4 kwa Tanzania nzima. Hofu ya damu kwa hiyo ina msingi, ingawa huzidishwa. Ngozi nzima isiyo na kidonda haipitishi virusi. Hatari iko kwenye mikato, macho na mdomo, na kwenye ajali mikato hutokana hasa na vioo na mabati yaliyochanika, vitu vinavyomkata mwokoaji na majeruhi vilevile. Glavu zikikosekana, mfuko wowote wa plastiki uliovishwa mkononi hufaa; mifuko ya rambo iliyozoeleka kwa kazi hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya sukari au mkate bado vipo. Aliyeingiwa na damu kwenye kidonda au jichoni huosha kwa maji mengi na kwenda kituo cha afya kupewa dawa za kinga, zinazojulikana kama PEP. Huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28.

Nguvu inavyoupiga mwili

Utafiti wa kisayansi wa jambo hili ulianza na mtu aliyenusurika. Hugh De Haven, Mmarekani, alianguka na ndege mwaka 1917 alipokuwa akijifunza urubani, akaumia vibaya tumboni. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka ghorofa za juu wakapona, akaonyesha kwamba mwili unaweza kustahimili pigo kubwa kama litasambazwa mahali papana na kwa muda mrefu kidogo. Mikanda ya usalama na dashibodi laini zimetokana na wazo hilo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara nne. Kugonga ukuta kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Kwa kilomita 50 ni mita kumi. Kwa kilomita 80 ni mita 25, mara nyingi ya urefu wa nyumba ya kawaida. Tena mgongano ni wa hatua tatu: gari hugonga, mwili hugonga gari, kisha viungo vya ndani hugonga mifupa au kuchanika vinapoendelea kusonga. Hatua ya tatu haionekani kwa nje. Bandama au ini likichanika, mtu anaweza kusimama, kuuliza habari za mzigo wake, na kuzimia nusu saa baadaye.

Eneo la ajali hutoa dalili kwa anayejua kuziangalia. Usukani uliopinda hudokeza kifua na moyo. Dashibodi iliyoingia ndani kwenye magoti hudokeza paja na nyonga, na nyonga iliyovunjika huweza kumwaga lita kadhaa za damu ndani ya mwili. Kioo cha mbele chenye mpasuko wa duara ni kichwa, na kichwa kilichogonga hivyo huambatana na mashaka ya shingo. Aliyetupwa nje ya basi huhesabiwa kuwa ameumia vibaya hata akisema hajambo. Kwa bodaboda, kwa kawaida ni mguu wa chini na kichwa. Helmeti iliyopasuka hutakiwa kufika hospitali pamoja na mwenyewe. Huko Rungwe na Njombe, mchuma parachichi aliyeanguka juu ya mti na kutua kwa visigino huvunjika visigino, lakini uti wa mgongo nao huwa umebanwa, naye hulalamikia miguu tu.

Misitu, maduara na visima

Si majeraha yote ni ya barabarani. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, ambako magogo na misumeno ya mnyororo ni kazi ya kila siku. Gogo lililolala juu ya mguu kwa saa nyingi huleta tatizo ambalo Eric Bywaters alilieleza London mwaka 1941 kwa watu waliofukiwa na mabomu: mara mzigo unapoondolewa, sumu za misuli iliyokufa huingia kwenye damu na kuziharibu figo, au kuusimamisha moyo. Kwa aliyebanwa muda mrefu, ni bora mtaalamu mwenye dripu awepo kabla ya kuinua.

Chunya, wachimbaji wadogo wa dhahabu hushuka kwenye mashimo waitayo maduara. Hewa chafu huua bila harufu, na pampu ya petroli iliyowashwa ndani ya shimo au kisima hutoa gesi ya namna hiyo. Mfuatano wake unajulikana: wa kwanza huanguka, ndugu yake humfuata, kisha wa tatu. Anayeshuka bila kamba iliyoshikwa juu na bila hewa kubadilishwa huwa anaongeza idadi tu.

Kutoka eneo la ajali hadi hospitali

Majeruhi wengi hupelekwa kwa gari lolote linalopatikana. Kama hakuna moto wala gari linalokuja, hakuna haja ya kumvuta mtu kwa mkono na mguu. Kichwa, shingo na kiwiliwili huinuliwa pamoja kama ubao. Palipo na moto, huvutwa upesi kwa makwapa, na shingo huwa suala la baadaye. Damu inayoruka hukandamizwa kwa kitambaa bila kuachia. Anayepiga kelele anapumua. Aliyekaa kimya pembeni ndiye wa kuangaliwa kwanza. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Mafinga au Uyole huzuia damu kuganda, kwa hiyo blanketi au kitenge ni tiba, na nguo mbichi huvuliwa.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114 na polisi 112. Majeruhi wa Kitonga huweza kufikishwa Hospitali ya Ilula au ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Wa Iwambi, Hospitali ya Ifisi iliyoko Mbalizi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Tanzania ilianza kufundisha madaktari bingwa wa dharura mwaka 2010 huko Muhimbili, Dar es Salaam. Majeruhi hutakiwa kuwa na fomu ya polisi, PF3, lakini kwa aliye hatarini matibabu hutangulia na fomu hufuata.

Kinachosahaulika mara nyingi zaidi ni maelezo. Daktari wa zamu huona mwili tu, hakuliona basi. Aliyemleta, hata akiwa dereva wa bajaji, anaweza kumwambia kwa sentensi chache gari liligonga nini, majeruhi alikuwa ameketi wapi, kama alifunga mkanda, kama alitupwa nje, alibanwa kwa muda gani na kama aliwahi kuzimia. Picha moja ya gari iliyopigwa kwa simu, bila kuonyesha sura za watu, hueleza mengi ya hayo kwa mara moja.