Punje za mawe kwenye kingo za Missouri

Mwaka 1819 meli ya mvuke ya ajabu ilipanda mto Missouri. Iliitwa Western Engineer, na omo yake ilichongwa umbo la nyoka anayetoa mvuke kinywani. Ndani yake walikuwamo watu wa Meja Stephen Long, waliotumwa na serikali ya Marekani kuichunguza nchi iliyo kati ya mto huo na milima ya Rocky. Majira ya baridi yalipoingia walipiga kambi karibu na mahali ulipo mji wa Omaha leo. Mmoja wao alikuwa mtaalamu wa wanyama, Thomas Say, ambaye katika msafara huo alimweleza kisayansi kwa mara ya kwanza yule mbwa wa nyika anayejulikana kama koyoti. Koyoti amempa Say umaarufu. Wachache hukumbuka kwamba katika miamba ya chokaa ya bonde hilohilo aliandika pia habari za kitu kidogo sana: punje za mawe zenye urefu wa milimita chache, nene katikati na nyembamba kwenye ncha zote mbili.

Taarifa ya msafara ilichapishwa mwaka 1823. Ndani yake Say alikipa kisukuku hicho jina la Miliolites secalicus, kwa kukifananisha na rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu ya ngano. Hakuwa wa kwanza kuona chakula ndani ya jiwe. Karibu miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki Strabo alisimuliwa huko Misri kwamba vijiwe vya mviringo vilivyotapakaa chini ya piramidi ni dengu za wajenzi zilizogeuka mawe. Dengu za Misri na rai ya Missouri zinatoka katika ukoo mmoja mpana, foraminifera: viumbe wa baharini wenye seli moja ambao wengi wao hujijengea gamba. Umri ni mojawapo ya mambo yanayozitenga. Za Misri ni changa, ni za wakati ambapo dinosaria walikwisha kutoweka. Za Missouri zilikwisha kuwa mawe kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Baada ya Say, mambo yalivurugika kwa miaka 80. Mwaka 1829 Gotthelf Fischer von Waldheim, mwanasayansi aliyekuwa akifanya kazi Moscow, alitoa jina la Fusulina kwa visukuku vya namna hiyo kutoka Myachkovo, kwenye machimbo ya mawe meupe yaliyokuwa yakiujenga mji wa Moscow tangu enzi za kale. Jina likasafiri. Wanajiolojia wa Marekani walipoiona punje yoyote ya mawe, iwe ya Nebraska, Kansas au Texas, waliiandika Fusulina cylindrica na kuendelea na safari. Ilikuwa njia rahisi mno ya kufanya kazi, lakini ina utetezi wake: kwa nje punje hizo kweli hufanana.

Aliyeuvunja mtindo huo ni George Girty wa shirika la jiolojia la serikali ya Marekani. Mwaka 1904 alionyesha kwamba punje ya Say haikuwa Fusulina hata kidogo. Ukuta wake ulikuwa mnene zaidi, na viambaza vya ndani vilivyovigawa vyumba vyake havikujikunjakunja kama vya Fusulina wa Moscow. Akaianzishia jenasi mpya, Triticites, jina lililotokana na ngano. Kwa hiyo kisukuku cha Say sasa kinaitwa Triticites secalicus, ngano na rai kwa pamoja.

Ili kumjua Triticites, mtaalamu huanza kwa kumharibu. Punje hukatwa kwa urefu, na mkato sharti upite katikati kabisa, kwenye chumba cha kwanza ambacho kiumbe huyo alianzia maisha, kitundu kisichofika milimita moja. Kisha kipande hugandishwa kwenye kioo na kusagwa hadi kibaki na unene wa takriban sehemu tatu za mia za milimita, ili mwanga upenye. Mkono ukizidisha kidogo, kisukuku kimekwenda na maji ya kusagia. Ukikomea pazuri, hadubini inaonyesha gamba lililojizungusha lenyewe kama mkeka uliokunjwa, mzunguko juu ya mzunguko, mara tano, sita au zaidi. Ukuta una ngozi nyembamba nyeusi juu, na chini yake vijitundu vilivyopangana wima. Chini ya viambaza hupita upenyo mmoja katikati, na kando zake yamejengwa matuta mawili ya chokaa. Yote hayo ni kazi ya seli moja, isiyo na ubongo wala mikono.

Matuta, upenyo, unene wa ukuta na idadi ya mizunguko vilibadilika kadiri miaka ilivyopita, tena kwa haraka ukilinganisha na viumbe wengine wa baharini. Hapo ndipo ilipo thamani ya Triticites. Jiwe la chokaa lenye Triticites wadogo wenye kuta nyembamba ni la zamani kuliko lile lenye Triticites wakubwa walionona. Mwaka 1927 Carl Dunbar na George Condra walichapisha kitabu kizima juu ya fusulinidi (yaani Triticites, Fusulina na ndugu zao) wa Nebraska, wakiwapanga tabaka kwa tabaka. Mwaka huohuo Li Siguang alitoa utafiti wake juu ya fusulinidi wa China Kaskazini. Baadaye alikuja kuwa waziri wa jiolojia wa China. Huko Urusi, Dagmara Rauser-Chernousova aliwachambua wale wa bonde la Volga katika miaka ya 1930. Alizaliwa mwaka 1895 na kufariki mwaka 1996, kwa hiyo aliishi takriban karne nzima.

Si sadfa kwamba Volga na Texas, nchi mbili zenye punje nyingi za namna hii, ni nchi za mafuta. Keke ya kuchimbia kisima husaga kila inachokutana nacho. Kombe kubwa hutoka juu likiwa vumbi, lakini punje ya milimita tano inaweza kupanda na matope ya kisima ikiwa nzima au imekatika vipande vinavyosomeka. Mtu mwenye hadubini aliweza kuwaambia wachimbaji wamefika tabaka gani. Mwaka 1948 magharibi mwa Texas yaligunduliwa mafuta mengi ndani ya mwamba wa chokaa wenye umbo la kwato ya farasi, uliofukiwa takriban kilomita mbili chini ya ardhi. Ulikuwa umejengwa na viumbe wa bahari ya zamani, na ndani yake wanajiolojia walizitenganisha ngazi za umri kwa kutumia fusulinidi, Triticites wakiwemo. Kampuni za mafuta hazikuwa na hamu na maumbile ya seli moja. Zililipa mishahara ya wataalamu hao kwa sababu kisima kilichochimbwa pasipo kujua tabaka ni fedha iliyotupwa.

Kansas kulikuwa na fumbo lingine, la fedha ndogo zaidi lakini la akili kubwa. Ukipanda vilima vya mashariki mwa jimbo hilo utakuta chokaa, kisha mwamba wa matope, wakati mwingine makaa ya mawe, kisha chokaa tena, na mpangilio huo unarudi mara kadhaa. Chokaa yenye Triticites ni alama ya bahari safi, yenye joto, isiyo na kina kirefu. Wataalamu wengi hudhani kwamba, kama foraminifera wakubwa wa leo wanaoishi kwenye mchanga wa matumbawe ya Zanzibar, Triticites naye alihifadhi mwani ndani ya gamba lake, hivyo alihitaji jua. Makaa ya mawe ni alama ya vinamasi vya nchi kavu. Bahari, basi, ilikuja na kuondoka, ikaja na kuondoka. Ni nini kilichoisukuma?

Mwaka 1936 Harold Wanless na Francis Shepard walitoa jibu lililoonekana kuwa la mbali mno: barafu. Mwishoni mwa kipindi cha Kaboniferi, miaka zaidi ya milioni 299 iliyopita, Afrika, Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika zilikuwa zimeungana katika bara la Gondwana, na sehemu zake kubwa zilifunikwa na barafu. Barafu ilipokua, ilishusha usawa wa bahari za dunia. Ilipoyeyuka, maji yakarudi hadi Kansas. Miaka ya 1980 Philip Heckel alikadiria kwamba kila mzunguko ulichukua kati ya makumi ya maelfu ya miaka na laki nne.

Baadhi ya barafu hiyo ilikaa hapa kwetu. Katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, tabaka za Idusi zilizo chini ya makaa ya mawe zina mawe ya ukubwa mchanganyiko yaliyoburutwa na kuachwa na barafu. Mashariki mwa Kongo, eneo la mto Lukuga, yapo mabaki ya namna hiyohiyo. Mtu aliyesimama Kansas akishika punje ya ngano ya mawe, na mwingine aliyesimama Ruhuhu juu ya changarawe za barafu, wanashika ncha mbili za habari moja.

Lakini katika Idusi hutampata Triticites hata mmoja, maana bahari yake ya joto ilikuwa mbali. Huko umri husomwa kwa chavua na vijimbegu vya mimea. Hata katika ngazi ya dunia punje hizi zimepoteza cheo. Jamii zake zilitofautiana kutoka bahari hadi bahari, hivyo mwaka 1996 mpaka rasmi kati ya Kaboniferi na Permi, uliowekwa Aidaralash huko Kazakhstan, ulipewa konodonti, visukuku vyenye umbo la meno madogo. Umri wake, miaka milioni 298.9, umepimwa kwa zirkoni za majivu ya volkano kutoka Ural kusini, yaliyolala katikati ya tabaka zenye konodonti na fusulinidi pamoja. Triticites aliuvuka mpaka huo, akatoweka mapema katika Permi. Fusulinidi wengine waliendelea hadi miaka milioni 252 iliyopita, walipofagiliwa wote pamoja na viumbe wengi wa baharini.